Mama Salum wanne kwenye kompyuta moja

Katika kila ukoo kuna mtu mmoja ambaye wengine humpigia simu wanapotafuta namba ya mtu wa tatu. Hakuchaguliwa na kikao chochote. Ni yule tu asiyechoka kuandika majina, na ambaye miaka 10 baadaye bado anakumbuka kwamba mtoto wa pili wa binamu fulani aliolewa Mombasa na sasa anajulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza. Harusi ikikaribia, orodha ya waalikwa inaanzia kwake. Ukitokea msiba, yeye ndiye anayeulizwa: "Nani bado hajaambiwa?"

Kwa ukoo mmoja wa Tanga mtu huyo ni mzee wa miaka 74, karani mstaafu wa bandarini, anayeishi Chumbageni na mkewe. Kwa miaka mingi kazi hiyo aliifanya kwa daftari kubwa lenye jalada jeusi, kila herufi na ukurasa wake, na herufi ya M ikiwa na kurasa za nyongeza zilizobandikwa kwa gundi kwa ajili ya akina Mama Fulani. Baadaye mwanawe aliyeko Muscat alimletea kompyuta. Ukarani haujamtoka mzee. Alihamisha daftari zima kwa kidole kimoja, mwezi mzima wa Ramadhani, kila siku baada ya Alasiri mpaka karibu na kufuturu.

Majina hayo yaliingia kwanza kwenye Outlook Express, programu ya barua pepe iliyokuwa ikija ndani ya Windows za enzi hizo. Kompyuta ile ilipokufa, kijana wa duka la intaneti aliyahamishia Gmail. Ilipokuja kompyuta ya pili yakahamishwa tena, safari hii kwenye Thunderbird, programu ya bure ambayo mzee anaipenda kwa sababu barua zake anaweza kuzisoma hata siku ambayo hana bando. Mara zote hizo majina yalibebwa kama yalivyo. Ni sawa na familia inayohama nyumba mara tatu bila kutupa hata kopo moja.

Kufikia mwaka jana kitabu hicho cha anwani kilikuwa na kadi 1,340. Mzee mwenyewe anasema watu anaowafahamu hawazidi 400.

Wengi huishi hivyo hivyo na hakuna kinachoharibika. Kadi ya ziada haili chakula. Kilichoifanya familia hii iketi chini na kuchambua ni msiba.

Kaka mkubwa wa mzee alifariki usiku, na kwa desturi ya Kiislamu mazishi yakapangwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Saa 11 alfajiri mzee alianza kutoa taarifa. Walioko nje aliwatumia barua pepe, wa karibu akawatumia ujumbe wa simu. Dada yao aliyeolewa Lushoto anatumia kitochi, kwa hiyo alitumiwa ujumbe mfupi. Simu ya mzee ikaonyesha kwamba umefika.

Ulifika kweli, ila si kwake. Namba ile aliiacha mwaka 2020, pale laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa baada ya muda wa mwisho wa Januari 20. Laini yake ilikuwa imeandikwa kwa jina la mpwa wake, na yeye mwenyewe alikuwa bado anahangaikia namba ya kitambulisho cha Taifa. Alipopata laini mpya alimpa kaka yake namba, na kaka yake akaiandika siku hiyo hiyo. Lakini aliiandika kwenye kadi mpya, "Dada Lushoto mpya", na kadi ya zamani akaiacha palepale. Muda ukapita, simu ikapendekeza kuunganisha majina yanayofanana, mjukuu akabonyeza kukubali, na kadi mbili zikawa moja yenye namba mbili. Ya zamani ikakaa juu.

Asubuhi ile mtu asiyemjua marehemu wala wafiwa alipata taarifa ya kifo pamoja na saa ya mazishi. Dada wa marehemu hakuipata. Kutoka Lushoto, anayeondoka asubuhi, akashuka Soni hadi Mombo na kupanda basi la kupitia Korogwe na Muheza, anaiwahi Alasiri ya Tanga. Yeye alifika siku ya tatu. Akaketi mkekani na wanawake wenzake, akalia, akanyamaza. Jioni, alipopata nafasi ya kuwa na kaka yake peke yao, alisema neno moja tu: "Kaka, mimi ni wa kusikia sokoni?"

Mzee hakujibu. Angeweza kueleza habari za kadi mbili zilizogeuka moja, lakini nani anamweleza dada yake mambo ya kadi kwenye matanga?

Desemba binti yake alikuja likizo kutoka Dar es Salaam. Ni mwalimu wa sekondari, na majedwali ya kompyuta anayajua kwa sababu ya kujaza alama za wanafunzi. Siku ya pili tu baada ya kufika, baba yake alimwita mezani. "Mama, hiki kitabu kinanifedhehesha. Nisaidie tukisafishe."

Binti hakuanza kwa kufuta. Alitoa kwanza nakala ya kitabu chote kwa namna mbili: moja kama faili la vCard, linalotunza kila kadi kama ilivyo, na nyingine kama faili la CSV, ambalo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa alama ya mkato na ambalo programu za majedwali huweza kulifungua. Zote mbili akaziweka kwenye flashi, akampa mama yake aifungie kabatini pamoja na vyeti na hati ya nyumba. Mzee aliona ni mbwembwe. Lakini kwenye Thunderbird kadi ya mtu ikifutwa haiendi kwenye kapu kama barua, mahali unapoweza kuiokota kesho. Imeondoka. Anayefanya kazi hii bila nakala anachimba kisima bila kamba.

Faili lilipofunguliwa, jambo la kwanza kuonekana ni kwamba karibu nusu ya kadi hazikuwa watu. Thunderbird ina vitabu viwili vya anwani tangu mwanzo: kimoja cha mwenye kompyuta, na kingine ambacho programu hukijaza yenyewe kila unapomwandikia mtu ambaye hayumo. Na mzee ni mtu wa adabu, hujibu kila barua. Alikuwa amewajibu wauza tiketi za ndege, duka lililomuuzia betri, na anwani ya mashine isiyopokea majibu, ambayo aliishukuru mara tatu kwa kumbukumbu ya risiti. Hizo ziliondoka jioni moja na hakuna aliyebishana.

Jioni ya pili ikawa ya namba, na hapo binti alishtuka. Alikuwa amefungua nakala ya CSV kwa kuibofya mara mbili, kama mtu yeyote angefanya, na namba zote zilizoanza na sifuri zikawa hazina sifuri. Zilizoanza na +255 zilikuwa mbaya zaidi: zilisomeka 2.55E+11, moja baada ya nyingine, kana kwamba ukoo mzima una simu moja. Programu ya jedwali haikuharibika. Yenyewe ikiona tarakimu tupu hudhani ni kiasi cha kitu, na kiasi hakianzi na sifuri. Hoja hiyo ni sahihi kwa magunia ya mkonge. Kwa namba ya simu ni maafa, na mtu akishahifadhi faili katika hali hiyo, sifuri zile hazirudi tena.

Kwa kuwa ilikuwa nakala, aliifunga bila kuhifadhi akaanza upya. Safari hii alifungua programu ya jedwali kwanza, kisha akaliingiza faili kupitia menyu, na programu ilipouliza aina ya kila safu akaijibu kwamba safu za simu ni maandishi, si namba. Dakika moja ya ziada. Sifuri zote zilikuwepo.

Baada ya hapo waliamua kwamba kila namba iandikwe na kianzio cha nchi yake, kwa sababu kitabu hiki kinatumika pia na mtoto aliyeko Muscat, ambako kupiga 07 na kinachofuata hakukupeleki Tanga. Hapa kuhesabu tarakimu kulisaidia. Namba ya Oman ina tarakimu nane, na huwekewa +968. Namba ya simu ya mkononi ya Uingereza, ukiondoa sifuri ya mwanzo, ina tarakimu 10, na huwekewa +44. Ya Tanzania inabaki na tisa. Lakini ya Kenya nayo inabaki na tisa! Jamaa wa Mombasa waliotoa namba zao harusini Tanga walizitaja kama wanavyozitaja kwao, zikaandikwa hivyo, na kwa kuhesabu tu huwezi kuwatofautisha na jirani wa Ngamiani. Hapo jedwali likafika mwisho wa elimu yake. Ilibidi mzee aulizwe jina baada ya jina: "Baba, huyu yuko upande gani wa mpaka?"

Zilikuwepo pia namba za kale. Katikati ya miaka ya 2000 vianzio vya simu za mkononi Tanzania vilibadilishwa. 0744 ikawa 0754, 0741 ikawa 0713, 0748 ikawa 0784. Kadi ya kabla ya badiliko hilo ambayo bado ina 0744 inasema jambo moja kwa uwazi kabisa: mtu huyu hajapigiwa kwa namba hiyo tangu wakati huo. Walizikuta 31. Kubadilisha kianzio ni kazi ya sekunde, ila mzee alizisoma kimya, na kwa mara ya kwanza tangu waanze akaomba wapumzike.

Siku iliyofuata ndipo walipofika kwa akina Mama Salum.

Programu za barua pepe zimetengenezwa na watu wanaoamini kwamba kila mtu ana jina la kwanza na jina la mwisho. Pwani mtu anaweza kukaa miaka 40 mtaani bila wengine kujua jina alilopewa na wazazi wake. Ni Mama Salum, ni Baba Zuhura, ni Mke wa Hamisi, ni Shangazi wa Pangani. Katika safu ya jina la kwanza mzee alikuwa ameandika "Mama" mara 118. Kompyuta ilipoambiwa itafute majina yanayofanana, ilimletea kadi nne za Mama Salum na kuuliza kama ziunganishwe kuwa moja.

Binti alikuwa karibu kukubali. Mama yake, aliyekuwa akichagua mchele kwenye ungo pale mlangoni, hakuinua hata kichwa. "Ngoja. Mama Salum yupi?"

Mmoja ni wa Ngamiani, mjomba wake ndiye aliyemsomesha mzee. Wa pili yuko Muscat, mke wa binamu. Wa tatu ni wa Mombasa, na huyo si wa ukoo, ila alilala hospitalini na mke wa mzee siku 11 wodi moja, na tangu hapo hawajaachana. Wa nne alikuwa fundi cherehani. "Na huyo wa nne," mama aliongeza, "si Mama Salum. Ni Mama Salim. Baba yako hajawahi kusikia vizuri."

Kuanzia hapo kazi ilibadilika. Ungo ulisogezwa karibu na meza. Ikabainika kwamba mzee anawajua wanaume kwa majina yao matatu, na mkewe anawajua wanawake kwa watoto wao, kwa mama zao, na kwa nyumba walizotokea. Kitabu chenye kadi 1,340 kilikuwa na nusu moja tu ya ukoo, na nusu nyingine ilikuwa imeketi miaka yote hiyo mlangoni bila kuulizwa. Kadi zilizoandikwa "Mke wa" zilikuwa 64. Mama alitaja majina ya wote isipokuwa wawili, na hao wawili aliwapigia simu mawifi zake akayapata kabla ya Magharibi.

Namna binti alivyoyapanga inafaa kuigwa. Jina halisi na la baba aliyaweka kwenye safu za jina. Mama Salum aliliweka kwenye safu ya jina la utani, ambayo Thunderbird huisoma pia unapoanza kuandika jina la mpokeaji, kwa hiyo mzee akiandika "mama sa" wote wanajitokeza. Kwenye jina linaloonekana aliongeza mahali: Mama Salum Ngamiani, Mama Salum Muscat, Mama Salum Mombasa. Na kwenye sehemu ya maelezo akaandika uhusiano kwa maneno ya mama mwenyewe. Maelezo ya Mama Salum wa Mombasa yanasema: "Wa wodini. Aambiwe kila jambo."

Kulikuwa na kadi moja ambayo mzee aliiruka mara tatu. Ni ya mdogo wake wa mama mwingine, na hawajasemezana tangu mgogoro wa shamba la minazi. Binti alishika kimya, kwa sababu si la mtoto kuuliza. Mama ndiye aliyesema: "Andika namba yake vizuri. Siku ya jambo utamtafutia wapi?" Mzee akaitaja namba kwa kichwa, bila kuangalia popote. Alikuwa anaijua.

Wakafika kwa waliofariki.

Binti alidhani hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Waliofariki walikuwa 57, na kila mzee anapoandika herufi mbili tatu kwenye barua, programu humpendekezea anwani ya mtu aliyezikwa zamani. Mara moja alishatuma salamu za Idi kwa rafiki yake aliyekwisha kufa, na barua ikasomwa na mjane. Kwa binti, hilo pekee lilitosha kuwafuta wote. Kwa baba yake halikutosha. "Humu wanakaa peke yao sasa," alisema. "Nikiwafuta, watakuwa wapi?" Akasukuma kiti nyuma, akaenda kutawadha ingawa adhana ilikuwa bado.

Usiku ule binti alipata njia. Ndani ya Thunderbird mtu anaweza kuwa na vitabu vingi vya anwani. Alifungua kimoja kipya akakiita Marehemu, akahamishia humo wale 57, kisha akaondoa anwani zao za barua pepe na namba zao za simu, akaacha majina, majina ya baba zao na maelezo. Programu hupendekeza wapokeaji wenye anwani tu. Asiye na anwani hajitokezi. Asubuhi mzee alikaa na orodha ile akaanza kujaza mwaka wa kila mmoja, na mahali alipozikwa. Hitima ya mwezi uliofuata hakusoma majina kutoka kichwani kama kawaida yake. Alisoma kutoka karatasi iliyochapishwa, na baada ya dua watu wanne walimfuata kumwambia wa kuongeza.

Kurudisha majina ndani ya programu kulichukua muda mfupi kuliko walivyohofia, lakini kuna mambo mawili ambayo mtu akiyapuuza hurudi mwanzo. Kwanza, Thunderbird ikiingiza faili ndani ya kitabu chenye majina tayari, haiulizi kama mtu huyo yumo; inaongeza tu, na mtu aliyesafisha nakala mbili hujikuta na tatu. Binti alitengeneza kitabu kipya kitupu, akaingiza humo, na kile cha zamani akakiacha wiki nzima kabla ya kukiondoa. Pili, wakati wa kuingiza programu huuliza kila safu ya faili iende kwenye sehemu gani ya kadi. Jaribio la kwanza safu moja ilipishana na nyingine, na namba zote za simu zikaangukia sehemu ya faksi. Kwa nusu saa ukoo mzima wa Tanga, Mombasa na Muscat ulikuwa na faksi. Mama alicheka mpaka akauacha ungo.

Tatizo jingine lilikuwa la mkwe mmoja wa Mwanza ambaye jina lake linaanza na Ng'. Kile kialama cha juu kilikuwa kimegeuka alama tatu za ajabu, kwa kuwa faili lilihifadhiwa kwa mfumo mmoja wa herufi na kufunguliwa kwa mwingine. Kuchagua UTF-8 wakati wa kuhifadhi na wakati wa kuingiza kulimrudishia jina lake. Ni jambo dogo, lakini Wasukuma wenye Ng' wamekwisha kuvumilia mengi kwenye vyeti na tiketi.

Kutoka kwenye kompyuta, kitabu kipya chenye watu 412 kilitolewa kama vCard na kupelekwa kwenye simu ya mzee, baada ya majina ya zamani ya simu kuwekewa nakala na kufutwa. Mjukuu aliambiwa kwamba simu ikipendekeza kuunganisha chochote, jibu ni hapana mpaka babu aulizwe.

Hata hivyo, kwa binti kazi ilikuwa bado. Namba iliyoandikwa vizuri si lazima iwe namba ya mtu huyo. Walianza na wenye anwani za barua pepe. Mzee aliandika salamu fupi, nayo ikatumwa kwa mafungu ya watu 20, anwani zote zikiwa kwenye sehemu ya nakala ya siri, ili asiyependa anwani yake ionwe na wengine asionwe, na ili huduma za barua zisidhani ni matangazo. Barua 23 zilirudi na ujumbe kwamba anwani haipo. Waliobaki wengi walijibu siku hiyo hiyo. Mmoja, kutoka Leicester, aliandika kurasa mbili.

Wasio na barua pepe walipigiwa. Zilikuwa siku tatu za simu, mzee akiongea na wanaume, mkewe akiongea na wanawake, binti akiweka alama. Simu ya Lushoto mzee aliiweka mwisho. Aliipiga mwenyewe, usiku baada ya Isha, kwa ile namba iliyokuwa imekaa chini.

Ilipokewa haraka. Hata salamu haikukamilika. "Kaka, nani amefariki?"

"Hakuna, dada. Wote wazima."

"Basi mbona usiku?"

Akamweleza kwamba wanahakiki namba. Dada yake alinyamaza kiasi cha mzee kudhani simu imekatika. Kisha akasema, "Hebu isome uliyonayo." Mzee akaisoma, tarakimu kwa tarakimu, kama karani anayesoma alama za mzigo gatini. Alipomaliza akaambiwa asome tena, pole pole. Akasoma tena. "Ndiyo hiyo," dada akasema. "Sasa chukua kalamu, nikupe ya jirani yangu na ya msikitini. Chaji ya huku si ya kuamini." Mzee akazichukua zote mbili. Wakaongea saa nzima, na mambo ya sokoni hayakutajwa na yeyote.

Binti alirudi Dar es Salaam wiki ya kwanza ya Januari. Kabla ya kuondoka alichapisha kitabu chote, nakala tatu: moja ya baba, moja ya mama, moja ya mjukuu. Alimwonyesha mjukuu namna ya kutoa nakala kwenye flashi kila baada ya miezi mitatu, na siku zenyewe zimeandikwa kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu. Nakala ya mama ina herufi kubwa, na kufikia Machi ilikuwa na marekebisho ya biki pembeni kuliko za wengine wote. Mzee huyaingiza kwenye kompyuta kila Ijumaa, na kwa kidole kile kile kimoja.

Zile anwani 23 zilizorudi hazikufutwa. Mzee amewaandika wenyewe kwenye karatasi moja aliyoikunja mara nne na kuiweka ndani ya kofia yake, na kila aendapo kwenye shughuli huitoa na kuulizia. Sita wamepatikana kwa njia hiyo. Wawili wa mwisho alirudi nao kutoka harusini Muheza, pamoja na mtu wa tatu ambaye hakuwepo kwenye orodha yoyote, ila Mama Salum wa Ngamiani aliapa kwamba ni wa kwao.